Mwalimu Leonsia na Njia ya Mita Kumi na Nne

Ifikapo tarehe 30 Juni 1997, Mwalimu Leonsia Muganyizi atastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kufundisha hisabati, kumi na tisa kati ya hiyo hapa shuleni kwetu Nyegezi. Kazi ya kumwandikia nimepewa mimi, Luhaga Mayala, mwalimu mwenzake wa hisabati. Nashuku aliyenichagua hanijui vizuri.

Alianzia Sengerema mwaka 1969. Tangu huko msimamo wake ni mmoja: fumbo la aljebra halianzi na x, linaanza na kamba. Swali likitaja shamba, darasa zima hutoka nje kupima shamba. Nilipofika mwaka 1992 na shahada yangu mbichi, nilitangaza mbele ya walimu kwamba hayo ni mambo ya chekechea. Mama huyu alinisikia, akanisogezea sahani ya karanga.

Mwaka uliofuata nilitunga jaribio la Kidato cha Pili, la kuchagua watakaoingia mkondo wa sayansi. Swali langu la kujivunia lilihusu uwanja wa kuanikia dagaa, mita 20 kwa 14. Ndani yake, kuzunguka pande zote nne, kuna njia yenye upana ulio sawa, na eneo linalobaki kuanikia ni mita za mraba 112. Njia ina upana gani? Mlinganyo wangu ulinyooka, ukatoa majibu mawili: 3 na 14. Mimi nilikariri kwamba jibu la kutupwa ni lile hasi tu. Haya yote yalikuwa chanya, basi nikayadai yote. Wanafunzi kumi na mmoja walioandika 3 peke yake niliwakosesha, wakaanguka nje ya sayansi, akiwemo Kashindye, binti aliyetaka udaktari kuliko chakula.

Mwalimu Leonsia aliziona karatasi siku moja kabla sijabandika matokeo. Hakwenda kwa mkuu wa shule. Aliniomba nikamshikie kamba nyuma ya jiko, tukapima uwanja kama wa swali langu, kisha akanituma nitembee upana wa njia yangu. Mita ya kumi na nne ilinikuta nimekanyaga mpaka wa upande wa pili.

“Sasa Mwalimu Luhaga,” akasema taratibu, “dagaa tutawaanika wapi?”

Tulisahihisha upya pamoja, na wote kumi na mmoja wakarudi. Kwenye kikao mkuu wa shule alinisifu kwa umakini wa kugundua kosa langu mwenyewe, na Mwalimu Leonsia akapiga makofi kuliko wote. Nami nikainamisha kichwa, mtu mnyenyekevu. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Mama, asante kwa kunifundisha bila kuniumbua. Urudi nyumbani Muleba salama, migomba ikustawie, na afya isikupungukie. Pamoja na zawadi ya walimu utakuta barua ya Kashindye, sasa yuko kidato cha tano anasoma sayansi. Ameniandikia mimi kunishukuru kwa kumrudisha kwenye sayansi. Isome, jina la juu limekosewa, lilipaswa kuwa lako.