Sista Subiri: Muuguzi Aliyezungumza Kabla ya Daktari

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tano wa karani wa posta na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959, kisha sekondari ya wasichana, ambako mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Majibu anayo, ila mpaka aulizwe." Mwaka 1972 alihitimu chuo cha uuguzi, na tarehe 3 Januari 1973 akaanza kazi wodi ya wanaume.

Huko ndiko alikokutana na baba, seremala aliyeitwa kutengeneza mlango wa stoo. Mlango ule ulitengenezwa mara nne, hadi wodi nzima ikajua kuwa kibovu si mlango. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu.

Siku hizo madaktari walipita raundi wauguzi wakigawa dawa upande wa pili, na muuguzi mmoja aliyewafuata alibeba mafaili, mdomo kaufunga. Mwaka 1981 alilazwa fundi cherehani mwenye shinikizo la damu. Raundi tatu mfululizo daktari aliongeza vidonge, akidhani dawa imeshindwa. Mama alijua kuwa mzee yule hawezi kumeza, vidonge anavitema kwenye shuka. Alijua, akanyamaza. Fundi alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Mama alilisimulia jambo hili hadi uzeeni.

Wiki iliyofuata, daktari bingwa alipofika kitanda kingine na kuchukua kalamu aandike dawa, mama alisema, "Subiri kidogo, daktari. Huyu hajala tangu jana."

"Sista, raundi hii anaongoza nani?"

"Wewe, daktari. Lakini wewe una dakika tatu naye, mimi niko naye kutwa."

Wagonjwa wakaangua kicheko. Daktari akarudisha kalamu mfukoni. "Haya, sema."

Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Sista Subiri, mwanzoni kwa kejeli. Haikuwa lelemama, aliitwa ofisini mara mbili kwa utovu wa adabu. Lakini kufikia 1984 saa ya kugawa dawa ilisogezwa ili wauguzi wawepo kwenye raundi, na kwenye kila kitanda muuguzi alianza kusema, daktari akafuata, mgonjwa akamalizia. Alistaafu mwaka 2011 akiwa muuguzi mkuu.

Mwaka jana alipatikana na saratani ya kongosho, akapasuliwa. Sisi wanawe tulishikilia apasuliwe mara ya pili, naye akatuitikia tu. Asubuhi ya raundi, muuguzi kijana, binti ambaye mama hakuwahi kumfundisha, alitangulia kusema: "Daktari, bibi anataka nyumbani. Ameniambia mara mbili nikimwogesha. Mbele ya wanawe hasemi."

Daktari akaketi kando ya kitanda. "Ni kweli, mama?"

"Kweli, mwanangu. Nilihofia watalia."

Tulilia, naam, kisha tukamrudisha nyumbani. Alikaa nasi siku kumi na tisa, akitusahihisha namna ya kutandika shuka, hadi alipotutoka kitandani pake, asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake wa kike.

Apumzike, mama yetu, kwa amani ile aliyowatafutia wengine.