Akaunti ya Benchi Zima

Benchi la nje ya kibanda cha Fundi Viatu lina miguu mitatu na tofali moja, na kila asubuhi hukaliwa na watu walewale: Fundi mwenyewe na kiatu cha mtu mapajani, Brashi, ambaye kazi yake ni kupaka nyumba rangi, na Katibu, aliyestaafu ukarani lakini hakustaafu kusema. Shangazi, muuza kahawa, husimama hapo na birika lake, akiwarudi wakizidi. Leo sindano imelala. Fundi kashika simu, anaibonyeza kwa hasira.

— Imenikatalia tena! alifoka. Mara ya nane! Eti neno la siri si sahihi. Picha ni ya mama yangu, halafu mlango wafunge wao? Hawana haya hawa!

Alikuwa na haki ya kuwaka. Majuzi wote walijaribu tovuti mbili mpya, moja ya kuwekea picha, nyingine ya kununulia nyimbo. Walifungua akaunti moja ya benchi zima, maana Katibu alisema kujaza fomu zile mara tatu ni kujidhalilisha. Neno la siri likawa moja kwa kila kitu, hadi barua pepe. Mmoja akimaliza anatoka, mwenzake anaingia. Simu ya Fundi ilipojaa nyimbo, aliihamishia picha ya marehemu mama yake kwenye ile tovuti ya picha, akaifuta kwenye simu. Mama hakupenda kamera kabisa. Alikubali mara moja tu, akicheka mlangoni na ufagio mkononi, na picha ndiyo hiyo.

— Umeibiwa, Brashi alisema. Cheko kama lile ni mali, ndugu yangu. Utaliona kwenye pakiti ya sabuni.

— Mama yangu atangaze sabuni bila kuulizwa?

— Sabuni ni afadhali, Katibu akadakia. Tovuti zote mbili ni za mtu mmoja! Anakuuzia nyimbo ili simu ijae. Ikijaa, unampelekea picha kwa mkono wako mwenyewe. Kisha anafunga. Nimekaa ofisini miaka thelathini, mpango wa kiofisi naujua.

— Na nyimbo zenyewe kumi na mbili, nzuri tatu! Shangazi alisema, akimimina kahawa kwa ghadhabu hadi ikamwagika.

— Mimi nasema wanachanganya sura, Brashi alizidi kupanda. Macho ya mama yako, pua ya mwingine, mashine inatoa mtu mpya. Utapishana naye barabarani asikusalimie.

Hilo lilimchoma Fundi. Mama yake asisalimie? Yule aliyewaamkia hata kuku? Akageukia pembeni asionekane.

— Naandika malalamiko, kurasa nne! Katibu alitangaza.

Hapo akafika dada mmoja kufuata kiatu chake, mguu mmoja kiatu, mwingine ndara.

— Shikamooni, wazee. Samahani, nimewasikia toka kule. Hilo neno la siri lenyewe ni lipi?

Watatu walijibu kwa pamoja, majibu matatu tofauti. Wakatazamana.

— Lilikuwa na namba mwishoni, Katibu alisema.

— Mwanzoni, alisema Brashi.

— Sasa siku zote mlikuwa mnaingiaje? dada akauliza.

Shangazi alishusha birika.

— Si mlikuwa mnageuka mnalisoma ukutani?

Wote wakageuka. Fundi aliliandika hapo kwa mkono wake, kwa rangi nyeusi ya viatu, herufi kubwa kila mtu alione. Sasa ukuta ulikuwa mweupe unang'aa. Juzi Brashi alichoshwa na uchafu wa ukuta huo akaupaka rangi bure, zawadi kwa benchi zima, na wote walimpigia makofi. Fundi alipiga kuliko wote.

Hakuna aliyetukana. Katibu alikunja karatasi yake. Fundi alichukua kisu cha kukatia ngozi, akapiga magoti juu ya benchi, akaanza kukwangua taratibu, kwa ncha tu.

— Umepaka mara ngapi? aliuliza bila kugeuka.

— Tatu, Brashi alijibu kwa sauti ndogo. Ile nyeusi ilikuwa inatokeza. Nilitaka ipotee kabisa.