Mlambataa au Kilambataa?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali manne, ukutani mwa stoo iliyofungwa siku nyingi, na kila mtu ana sehemu yake. Mwalimu mstaafu hukaa upande wa kivuli kwa sababu ya macho. Spana, fundi baiskeli, hukaa katikati ili abishane na pande zote mbili. Mama Birika, muuza kahawa, ana kigoda chake na jiko lake la mkaa. Mwishoni kabisa, na sanduku la gundi na misumari miguuni, hukaa Soli, fundi viatu. Miaka tisa ameshona hapo, na mvua zote za miaka tisa zimemnyeshea yeye na ngozi zake. Asubuhi hiyo hakuwa na raha hata chembe. Wiki mbili nyuma alipeleka manispaa fomu ya kuomba kona hiyo hiyo, ajenge kibanda cha bati chenye mlango na kufuli. Fomu iliuliza: je, kuna watu wanaolitumia eneo hili? Karani akamwambia, ukijibu ndiyo, ulete sahihi za wote. Soli akaandika hapana. Aliandika upesi kama mtu anayemeza dawa chungu, akajipa moyo kwamba fomu za manispaa hulala kabatini mpaka mwombaji afe. Hakumwambia mtu.

Na mada ya siku hiyo ilikuwa nini? Usaliti, jamani! Jumamosi walikuwa wameangalia sinema kwenye simu ya Spana, vichwa vimegusana. Mlinzi wa taa ya mlimani aonja mafuta ya taa kwa kidole, anogewa, alamba mpaka nywele zamtoka na mgongo wapinda. Kisha awaongoza wasafiri waliomhurumia, moja kwa moja hadi pangoni kwa adui yao.

SPANA: Kile kidudu kimeniudhi mpaka leo. Watu wamekilisha, wamekifunika blanketi, kikawauza!

MWALIMU: Akawauza. Ana uhai, kwa hiyo ni yeye. Kifaru anakuja, kiboko anaoga, kipofu amepita. Ngeli haibadiliki kwa hasira zako.

SPANA: Kiboko hajamsaliti mtu, Mwalimu.

MWALIMU: Tena kwenye kitabu ilikotolewa sinema hiyo, jina lake ni Mlambataa. Kwa m, kama mkulima. Hao wa sinema ndio waliomwandika Kilambataa kwenye yale maandishi ya chini. Kitabuni humwoni sura mpaka mwisho. Unausikia mkono wake tu gizani, unatafuta mkono wa mwenzake. Sinema ikampa macho kama sahani, ili umwonee huruma hata kabla hajakosa.

MAMA BIRIKA: Mimi hakunipata. Nilimwambia yule msafiri wa kike, dada, usilale! Hakunisikia.

SOLI: Lakini si alikuwa mtu na kazi yake? Mlimani kuna baridi. Kaonja mara moja tu.

SPANA: Haba na haba hujaza kibaba!

MWALIMU: Yeye alikuwa anakimaliza kibaba, Spana.

SPANA: Ndiyo hayo hayo. Na mjue mle ndani mna mwigizaji, mtu mzima na familia yake. Walimbandika vidoti mwili mzima, kompyuta ikamvika ngozi. Nimesikia mpaka leo hawezi kusimama wima. Mkewe kamtengea blanketi lake.

MAMA BIRIKA: Mwigizaji wapi! Walitaka kitu halisi. Walibandika tangazo: anatafutwa mtu aliyewauza wenzake. Watu wakapanga foleni mpaka barabarani, na kila ukimuuliza mmoja, anasema yeye kamsindikiza rafiki.

Wakacheka mpaka Mwalimu akafuta miwani. Soli naye akacheka, kicheko cha meno tu.

SPANA: Ila msaliti hajulikani kwa macho. Hujulikana kwa kikombe. Hunywa pole pole, nyinyi mtangulie kuondoka, yeye abaki.

Soli, ambaye kikombe chake kilikuwa bado nusu, akapiga funda kubwa na kuungua ulimi.

SOLI: Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, mwenyeji amepona. Kosa lake liko wapi?

SPANA: We! Methali hiyo haikusema wageni waliwe! Nikupe ya kwako? Kikulacho ki nguoni mwako. Mmesikia? Hawakusema akulaye yu nguoni. Ki! Ukishawauma wenzako, umetoka kwenye ngeli ya watu.

MWALIMU: Pale wahenga walikusudia chawa.

SPANA: Na chawa hana uhai, Mwalimu?

Mwalimu akafungua mdomo, akaufunga. Mama Birika akapiga makofi, maana jambo hilo halijawahi kutokea kijiweni tangu benchi liwe benchi.

MWALIMU: Sawa, umenishinda. Hata hivyo, mimi simvui mtu utu wake kwa silabi moja. Afanye afanyalo.

Maneno hayo yalimwingia Soli mpaka kwenye mifupa. Haki ya Mungu, alimpenda mzee yule kwa dakika ile kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Akaweka chini kiatu alichokuwa anashona. Atasema. Watamtukana, Spana atapiga kelele mpaka jioni, lakini kesho fomu itafutwa na mambo yataisha.

SOLI: Jamani, kuna jambo...

— Shikamooni wazee. Samahani mama, hebu sogeza miguu kidogo.

Alikuwa dada wa manispaa, koti la rangi ya machungwa, utepe wa kupimia mkononi na karatasi kwapani. Alipima kutoka ukutani hadi kwenye jiko, kutoka jiko hadi kwenye sanduku la Soli. Akaangalia karatasi. Akawaangalia wao mmoja mmoja, akarudi tena kwenye karatasi.

DADA WA MANISPAA: Hapa nimeandikiwa eneo ni tupu, halina watu. Sasa nyinyi ni akina nani?

Spana, mwenye jibu la kila kitu duniani, alitazama viganja vyake.

MAMA BIRIKA: Nani kaandika sisi hatupo?

DADA WA MANISPAA: Jina la mwombaji siruhusiwi kulitaja, mama. Ni siri ya ofisi. Ninachoona ni kwamba anataka kibanda cha kushonea viatu.

Vichwa vitatu viligeukia mwisho wa benchi. Soli alikuwa na hotuba nzima ya wiki mbili, kuhusu ngozi zinazooza na kifua chake cha masika, na aibu ikaimeza yote. Neno lililotoka ni moja tu.

SOLI: Mvua...

Spana akanyoosha mkono kumnyang'anya kikombe. Mwalimu akaushika ule mkono, akaurudisha taratibu, bila kumtazama Soli usoni.

MWALIMU: Kiache. Kimalize kahawa yake.