Mwalimu wa Kwenye Skrini

Basi lilikuwa halijaondoka, lakini mwalimu wa darasa la pili alishaanza kumlalamikia mama asiyemjua aliyekaa pembeni yake.

“Hizi video zitatuharibia watoto, mama. Mwalimu wa kwenye skrini anauliza saba jumlisha tano, anasubiri kidogo, halafu anasema, ‘Hongereni!’ Darasa zima limekosea, yeye anapongeza tu! Leo namwambia mkuu wa shule tuzizime.”

“Ni yule mwenye mwanya?”

“Huyohuyo. Unamfahamu?”

“Ni mwanangu. Tulimzika mwezi uliopita.”

Basi likaondoka. Mama akauliza tena:

“Akiwasalimia, wanamwitikia?”

“Wanamwitikia, mama. Wanasimama wote.”

Basi likasimama mbele ya shule. Mwalimu akainuka. Mama naye akainuka, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbele.