Mashine Nane na Shimo la Maman Cibalonza

Mgeni wetu rasmi Papa Donatien, wazee wa avenue, mtaa wetu huu, wazazi wenzetu:

Karibu tena Kadutu. Umepanda mlima wetu kwa miguu, na utelezi huu wa mvua ya jana, aksanti sana. Safari iliyopita ulituletea mashine nane za umeme, zile za kukaa juu ya meza ya jikoni na kugeuza maganda kuwa mbolea. Umeuliza kama zimetufaa. Tumekubaliana tukuambie ukweli, ingawa sisi wenyewe unatuuma.

TULIKOTOKA

Kabla ya mashine tulikuwa na Maman Cibalonza, mjane wa miaka sitini na miwili. Kila jioni alishuka sokoni kuokota maganda ya ndizi na majani ya kabichi, akayapandisha mgongoni hadi kwenye shimo nyuma ya nyumba yake. Baada ya miezi kadhaa ukatoka udongo mweusi, akatugawia. Lengalenga zetu, mchicha wetu wote, zilinenepa kwa udongo huo.

Mashine zilipokuja, mradi ulitaka mashimo yafungwe kwa ajili ya usafi. Maman Cibalonza akachota unga uliotoka kwenye mashine, akaunusa.

"Iyi haiyaoza," akasema. "Imekauka tu. Mutaona siku mvula itanyesha."

"Nyamaza, maman," tukamwambia. "Mgeni anajua kukupita. Utakimbiza wafadhili."

Tukashika majembe, tukafukia shimo lake, naye amesimama mlangoni, kitenge mdomoni.

MAFANIKIO

Lipo moja. Maman Élodie anakaa ghorofani, étage ya tatu, kule Nyawera. Hana bustani, ana umeme wa jua. Kwake nzi wamekwisha, na ndoo ya maganda imekuwa kikombe. Mtu kama yeye, mashine inamfaa.

MAGUMU

Kwetu courant, umeme wa mjini, huja inapotaka. Ikikatika katikati ya kazi, maganda yanabaki uji unaonuka. Ikirudi, nani ataacha kupika maharagwe akaushe maganda? Unga kidogo tulioupata tuliutia shambani, hata kwenye matuta yake Maman Cibalonza. Mvua ikanyesha, ukavimba, ukaota ukungu mweupe, miche ikafa. Maman Cibalonza aliishi kwa mboga zile. Msimu mzima ulimpotea. Hakutulaumu, alifunga mizigo akahamia kwa binti yake kule Kavumu.

MAOMBI

Hatuombi mashine nyingine. Saba tumezisafisha, uwapelekee wanaoishi kama Maman Élodie; ya nane abaki nayo yeye. Utukubalie tu tuchimbe tena mashimo yetu.

Ombi la pili ni zito. Tumekwenda Kavumu mara mbili kuomba msamaha. Alitupatia chai, akatuambia: "Mie siko na kinyongo na ninyi. Lakini mulisema mugeni anajua kunipita. Nitarudia Kadutu kufanya nini?"

Swali hilo tumekuletea wewe. Papa, kesho unaenda kupanda ndege, na nyumba ya binti yake iko kando ya barabara ileile ya uwanja wa ndege. Tunakusihi usimame, ushuke, umwambie kwa kinywa chako kwamba yeye ndiye aliyejua.

Mungu akufikishe salama, na akulainishie maneno utakapobisha hodi.

Ni sisi, Umoja wa Mama Walima Mboga wa Kadutu.
Imesomwa na Yolande, kwa niaba ya wote.