Haki, Kulia na Ng'ombe wa Diba

Tarehe 31 Machi 1958 Bwana Uledi Dhadho anastaafu ukalimani katika ofisi yetu ya Garsen, baada ya miaka ishirini na saba. Mabwana Shauri, wale wakuu wa Kiingereza wa wilaya, kumi na mmoja wamekuja na kuondoka. Uledi alibaki, na koti lake lile lile.

Alizaliwa Ndera, akafundishwa Kiingereza na mwalimu mmoja wa Golbanti. Kiorma alikipata malishoni. Sifa zake, tuseme kweli, zilianza kwa kosa.

Mwaka 1951 mvua zilikosa, na ng'ombe wa Diba, mfugaji wa Kiorma, walikuwa wanakufa kwa kiu. Njia za kuteremkia mtoni zilikuwa mbili, moja kila upande wa shamba la Kaviha, mama mkulima wa Kipokomo. Ng'ombe waliopita ile ya kushoto, ukiutazama mto, walikuwa wameshamlia migomba. Siku ya shauri watu wa Diba walifika na mikuki, wa Kaviha na mapanga. Bwana Shauri, mtu wa maneno machache, alikagua njia zote mbili, akatamka: "Cattle, right." Basi.

Uledi akapaza sauti: "Ng'ombe wana haki!"

Kaviha akainua jembe. "Haki ya kula migomba yangu? Niwapikie na ugali?"

Uledi akakumbuka kwamba neno lile la Kiingereza, right, lina maana nyingine. "Samahani! Kulia, jamani, kulia!"

Diba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akafoka: "Nilie tena? Tangu Rajabu mimi nalia!"

Uledi akamwomba Bwana Shauri aonyeshe kwa mkono. Akaonyesha, lakini alikuwa amewaelekea watu, kwa hiyo nusu wakatazama njia hii na nusu ile. Mikuki ikaanza kusogea. Hapo Uledi akawashika Diba na Kaviha mabega, akawageuza wote wawili wautazame mto, akasema: "Ng'ombe wapite upande wa mkono wa kulia chakula!"

Mikono yote ikainuka kama karamuni. Kaviha ndiye aliyeanza kucheka. Kabla ya adhuhuri ng'ombe walikuwa wanakunywa maji.

Uledi hakutulia. Alimwandikia mwalimu wake, akajibiwa kwamba neno lile zamani lilimaanisha kilichonyooka: ndipo likaja kuwa sahihi, likawa haki, likawa pia mkono wa kulia. "Hawa Waingereza," akatuambia, "neno moja wanalibebesha mizigo kama punda, kisha wanashangaa likianguka."

Tangu hapo hakutafsiri neno hilo bila kuuliza, "Right ipi, Bwana?" Mmoja wa Mabwana Shauri alimwandika kuwa mbishi. Sisi tunaandika kwamba hakuna aliyetoka barazani kwetu bila kuelewa alichoamuliwa.

Bwana Uledi, ahsante sana. Nenda Ndera kwa afya, upumzike kwa raha. Mkeo, Bibi Mwanahamisi, ametuomba tusikuite tena ofisini. Anasema miaka ishirini na saba amesikia nyumbani maneno ya Mabwana Shauri; sasa anataka kukusikia wewe.