Choki Iliyobaki Nje

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, mafundi mliofanya kazi na Baba, familia imenituma mimi, kifungua mimba wake, nisimame mbele yenu nisome maisha yake, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, kwa sababu karatasi niliyoandikiwa na wadogo zangu ina ukurasa mmoja, na hii niliyoshika ina kurasa tatu.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Choki hata mkasahau kwamba ana jina, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo, chumba cha nne kutoka bombani, akiwa mtoto wa tano wa baba aliyekuwa mlinzi wa kiwanda na mama aliyekuwa akifua nguo za watu. Alianza shule ya msingi mwaka 1957 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1964, na kwa maneno yake mwenyewe alifaulu hesabu na kufeli mengine yote kwa heshima.

Mwezi Machi 1966 aliajiriwa katika karakana ya Idara ya Maji, kazi yake ya kwanza ikiwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, na mwaka 1970 akapata leseni, akaendesha lori la mabomba kwa miaka tisa, kisha tarehe 1 Julai 1979 akarudishwa karakana kuwa fundi wa kabureta, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mitano. Wenzake waliopo hapa watashuhudia kwamba alikuwa akiinamisha kichwa, anafumba macho, anasikiliza injini kama mtu anayesikiliza mgonjwa akieleza maumivu, kisha anageuza skrubu moja robo mzunguko, na lori linatulia.

Mwaka 2003 karakana ililetewa mashine ya kupima magari kwa kompyuta, na mwaka uliofuata, tarehe 31 Agosti 2004, Baba akastaafu, wala hakumsema vibaya yule kijana aliyeletwa kuiendesha, bali alituambia nyumbani kwamba kijana ni mzuri sana, ila analiuliza gari hali yake kwa barua. Aliendelea kutengeneza kabureta chini ya banda la mabati uani kwetu, wateja wakipungua mmoja mmoja kadiri magari yao yalivyokufa, hadi mteja wa mwisho, mwalimu mstaafu, aliyekuja Mei 2016 na hakurudi tena.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, na wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1977, mdogo wangu seremala mwaka 1980, na kitinda mimba wetu mwaka 1986. Mama alitutangulia tarehe 9 Oktoba 2014, na nikisema kwamba Baba alibaki mpweke nitakuwa sijasema kitu, kwa sababu alibaki na gari.

Gari hilo mnalijua, nanyi mmelicheka, nasi tumelicheka pamoja nanyi. Alilinunua kwenye mnada wa Idara mwaka 1983, likiwa tayari na umri wa miaka kumi, rangi yake ya chai ya maziwa, gia zake kwenye usukani, vioo vyake vya kuzungusha kwa mkono, swichi ya taa za juu na chini ikiwa sakafuni ili ibanwe kwa mguu wa kushoto, na upande wa abiria kulikuwa na kidirisha cha pembe tatu ambacho Mama peke yake ndiye aliyekifungua, kwa vidole viwili, kiasi cha kupitisha upepo usioharibu kilemba. Jirani yetu fundi viatu kila akimwona Baba anaingiza hendeli mbele kuliwasha alikuwa akipaza sauti, "Mzee, unalikamua au unalichinja?" na Baba anamjibu bila kugeuka, "Nalisalimia, wewe lako uliliaga lini?"

Na kulikuwa na choki, kitasa cheusi kidogo kushoto mwa usukani, ambacho asubuhi ya baridi ni lazima ukivute ili gari liwake, na likishapata moto ni lazima ukirudishe ndani, kwani ukikisahau nje injini inabugia petroli hadi inazama, inakohoa, inakataa, na asiyejua atadhani imekufa. Mwaka 1995 Baba alinikalisha kwenye kiti cha dereva anifundishe, akaanza na choki kabla ya usukani, nami nikamwambia, "Baba, magari ya siku hizi hayana mambo hayo," naye akaniangalia, akacheka kidogo, akasema, "Haya, mama, tuendelee na usukani," na hakunirudishia somo lile tena maishani mwake.

Machi 2012 aligunduliwa kuwa na kisukari. Macho yalianza kufifia mwaka 2017, na kufikia mwisho wa 2019 alikuwa haoni chochote, hata mwanga wa mlango, na hapo ndipo tulipoanza kumwona kila asubuhi saa mbili akipapasa ukuta hadi uani, anafungua mlango wa gari, anakaa, anagusa kitasa kimoja baada ya kingine, taa, waipa, hita, choki, kila kimoja na umbo lake, kila kimoja mahali pake, kisha ananyoosha mkono hadi upande wa abiria na kufungua kile kidirisha kiasi kile kile cha Mama. Alikaa humo saa nzima, na mara moja kwa wiki, mvua isiponyesha, aliliwasha. Alinieleza siku moja kwamba ndani ya nyumba yeye ni kipofu, lakini ndani ya gari anaona kila kitu. Nilimsikia, nikaenda kuosha vyombo.

Tarehe 6 Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa kwa kidonda kisichopona, na tarehe 11 madaktari wakalazimika kuukata mguu wa kushoto chini ya goti. Siku ya pili muuguzi alimkuta anajisukasuka kitandani, akamuuliza kama anaumwa, akajibu, "Siumwi, binti yangu, mguu unatafuta swichi ya taa."

Tukaambiwa atarudi na kiti cha magurudumu. Gari lilikuwa limeziba njia kati ya geti na mlango, na seremala alitakiwa kujenga pale mteremko wa kupitishia kiti, basi tulikaa watoto watatu kwenye benchi la hospitali tukakubaliana, na hakuna aliyepinga, na hakuna aliyesema twende kwanza wodini tukamuulize mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 20 Januari alikuja mfanyabiashara wa mayai aliyetaka gari la kubebea trei, fundi wake akaliwasha kwa kulisukuma, na mimi ndiye niliyetia sahihi, nikampa ufunguo, nikasema asante.

Baba alirudi nyumbani tarehe 2 Februari, na asubuhi ya tatu akaomba apelekwe garini. Seremala akamwambia liko kwa fundi rangi. Baba akauliza, "Rangi ya nini, nani ataiona, mimi?" akacheka, na sisi tukacheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe. Tarehe 11 Februari kitinda mimba alileta gari lake jipya, tukamkalisha mbele apunge upepo, naye akanyoosha mkono mahali pa choki, vidole vikateleza kwenye kioo kitupu, akarudia, vikateleza, na kioo kile kikaamka, sauti ya mwanamke ikamwuliza anataka kwenda wapi. Baba aliondoa mkono kama aliyeungua, akasema, "Samahani, mama," kisha akatuomba tumrudishe ndani.

Tangu siku hiyo aliacha kula vizuri, nami nikaanza kulitafuta gari. Mfanyabiashara wa mayai hakunificha kitu, alisema lilifika kwake vizuri, kesho yake likagoma, akavuta kila kilichovutika, likakohoa, likanuka petroli, fundi wake akaliangalia siku mbili akasema injini imekwisha, na baada ya wiki akaliuza kama chuma chakavu. Nilizunguka yadi nne. Katika ya nne, tarehe 14 Machi, mwenye yadi alinipeleka nyuma ya rundo la matangi, akaniambia, "Dada, usinilaumu, hili lilikuja limeshakufa," na pale nikakuta ganda la rangi ya chai ya maziwa, halina milango, halina injini, halina kidirisha cha Mama, ila dashibodi ilikuwa bado imeshika, na choki ilikuwa imevutwa nje hadi mwisho, kwa urefu wake wote. Mwenye yadi alinikatia dashibodi ile na hakutaka malipo.

Seremala aliifunga juu ya ubao unaokaa kwenye mikono ya kiti cha magurudumu, akasukuma vitasa vyote ndani, na Jumapili ya tarehe 17 Machi tukamwekea Baba mbele yake bila kusema neno. Aligusa taa. Akagusa waipa, akagusa hita, uso wake ukafunguka kwa namna ambayo hatukuiona tangu mwaka ulipoanza. Kisha akavuta choki, nayo ikatoka nyepesi, kwa sababu upande wa pili wa kebo hapakuwa na kitu, na fundi wa kabureta wa miaka ishirini na mitano hakuhitaji kuelezwa. Akauliza, "Mmelikata?" Nikamwambia, "Tuliliuza, Baba, ukiwa wodini."  Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama siku ile nilipomkabidhi yule bwana gari, nilimwambia habari ya choki.

Nikasema, "Nilimwambia, Baba."

Akashusha pumzi, akasema, "Basi si kosa lako, mama, ulikuwa wakati wake."

Ndugu zangu, sikumwambia yule bwana, na nisingeweza kumwambia, kwa sababu mimi niliyepanda gari lile miaka arobaini, nikapelekwa shule nalo, nikapelekwa hospitali kujifungua nalo, sikujua choki ni kitasa kipi. Nilikijua siku nilipolikuta gari yadini. Gari la Baba lilikuwa hai, na neno moja lingelitosha, na Baba amekufa akiamini kwamba nililisema. Wadogo zangu wamenisihi nisiseme haya hapa, nami nimejaribu kwa siku mbili kuandika historia yake bila haya, ikawa si historia yake.

Kuanzia Jumapili ile ubao haukuondoka mbele yake na choki haikurudishwa, ilibaki nje kama alivyoivuta, tukiipangusa vumbi pembeni bila kuigusa. Aliishiwa nguvu taratibu, na Ijumaa ya tarehe 19 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, alifariki akiwa kwenye kiti chake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, ameacha watoto watatu na wajukuu sita.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa binti yule aliyekuwa akimtafutia swichi ya taa kwa kumkanda goti, nawashukuru majirani, na fundi viatu ambaye tangu juzi hajafungua kibanda chake, nawashukuru mafundi wa Idara ya Maji, wazee na vijana, na yule wa kompyuta ambaye leo ndiye aliyetuendeshea gari la mwili. Mfanyabiashara wa mayai yupo hapa, amekaa nyuma, naomba mtu yeyote asimwangalie vibaya, yeye alinunua gari ambalo mwenye kuliuza hakulijua.

Asubuhi hii, kabla jeneza halijafungwa, tulimwekea ubao wake miguuni, na nilibaki naye peke yangu kidogo, nikapapasa nikiwa nimefumba macho, taa, waipa, hita, nikaifikia. Pumzika kwa amani, Baba. Choki nimeirudisha ndani.